Oda za Alfajiri

Siku ya kwanza mikate ilipochelewa, Fundi hakutikisika hata kidogo. Alikuwa jikoni akisubiri maji ya chai yachemke pale mwenye bekari alipompigia simu kumwambia kwamba wachomaji wamekaa mbele ya tanuri lililowaka, mikono mitupu, na oda hazijafika. Fundi alimwambia atulie. Alikwenda sebuleni, akawasha kompyuta juu ya meza ya chakula, akafungua ukurasa wa bekari atazame kuna nini, na kabla hajagusa kitu simu ikalia tena. Oda zimefika. Akamwambia mwenye bekari kwamba ni mtandao tu ulizubaa, akarudi jikoni kuokoa maji yake.

Jina la Fundi alibandikwa na mama mkwe wake, aliyemkuta siku moja ameifungua kompyuta mgongo, bisibisi mdomoni, akauliza kama mwanawe ameoa mke au fundi redio. Nyumba nzima ilicheka na jina likaganda. Mwenyewe hakulichukia. Alikuwa mwanamke asiyeona sababu ya kuficha anachokijua, na akisifiwa alisema asante badala ya kuinamisha kichwa.

Mfumo wa bekari aliutengeneza peke yake, hapo hapo mezani, kati ya sahani. Wenye maduka waliingiza oda zao kwenye ukurasa mchana na jioni, wakibadili mawazo mpaka wanapofunga milango. Alfajiri mfumo wenyewe, bila mkono wa mtu, ulizijumlisha oda zote na kuwatumia wachomaji ujumbe mmoja: mikate mikubwa kiasi hiki, midogo kiasi hiki, skonzi kiasi hiki. Kisha ukamtumia dereva orodha ya maduka kwa mpangilio wa njia. Dereva huyo alikuwa mume wa Fundi, kwa hiyo mkate wa watu wengine ndio uliokuwa mkate wa nyumba hiyo, wa mke na wa mume. Fundi alizipenda mno kazi hizi za nyuma ya pazia, zinazojiendesha kwa ratiba. Alipenda kuwaambia watu kwamba mfumo mzuri ni ule unaochapa kazi wakati aliyeutengeneza anakoroma.

Mama mkwe alikuwa mezani asubuhi hiyo, kimya, simu yake imelala kifudifudi kando ya kopo la sukari. Ubaridi huo ulikuwa na chanzo, na kila mmoja ndani ya nyumba alikijua ingawa hakuna aliyekitaja.

Marehemu mume wa Mama alikuwa mchomaji mkuu wa bekari hiyo mpaka alipofariki. Fundi alipotengeneza ukurasa, aliweka mbele kabisa picha ya wafanyakazi wa zamani mbele ya tanuri, marehemu katikati, unga mpaka kwenye nyusi. Mama aliomba picha isipunguzwe ukubwa, ili aweze kuivuta kwa vidole viwili mpaka uso ujae kioo. Enzi za uhai wa mumewe yeye ndiye aliyekuwa akimwamsha. Yule bwana alikuwa na usingizi wa gunia. Ilibidi avutwe shuka, aambiwe kwamba watu wanasubiri mkate. Mazoea hayo hayakuzikwa naye. Kila alfajiri Mama aliamka kabla ya wote, akafungua ukurasa wa bekari, akamsalimia.

Sasa, siku moja kabla mikate haijachelewa, Fundi alikuwa akiongea kwa video na watu wa maduka makubwa waliotaka mfumo kama ule wa bekari. Walikuwa wameanza kutikisa vichwa kwa kukubali, ndipo bando likakatika katikati ya sentensi. Alipotafuta limeliwa na nini, akakuta ni ile picha nzito, inapakuliwa upya kila kukicha. Jirani alikuwa amekuja kusalimia, kikombe mkononi. Fundi hakumsubiri aondoke.

"Mama, bando zima linakwenda kwenye picha moja? Picha ni ile ile. Haitabadilika kesho."

Jirani alichungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimezama. Mume wa Fundi, mtoto wa kuzaa wa mama huyo, aliendelea kutafuna. Mama alisema, "Kweli, mwanangu," akaigeuza simu uso chini. Hakuna aliyemwambia aache, lakini tangu siku hiyo hakuifungua tena ile picha.

*

Kesho yake Fundi aliamka mapema makusudi, akakaa mbele ya ukurasa kama paka mbele ya tundu. Muda ulipofika oda zilijumlishwa, ujumbe ukaenda, kila kitu kikapita laini. Akaitangazia nyumba kwamba ugonjwa umepona wenyewe. Siku iliyofuata alilala kwa raha zake, na oda hazikwenda. Mwenye bekari akapiga simu, Fundi akafungua ukurasa kwa macho ya usingizi, na papo hapo zikaenda.

Hapo ndipo alipoanza kukasirika. Alipitia kazi yake mstari kwa mstari, akarekebisha kisichohitaji kurekebishwa, akabadili mpaka vitu visivyomkosea. Akilinda alfajiri, mfumo unatii. Akilala, mfumo nao unalala. Siku moja alijifanya hodari, akasema halindi na hapokei simu, aone mwisho wake. Oda zilifika jua likiwa limeshapanda, wakati mwenye duka wa kwanza alipofungua ukurasa kuandika malalamiko kwamba hajaona mkate.

Aliyekula hasara ya maneno ni mumewe. Siku hizo alirudi na gari likiwa na nusu ya mikate, shati limelowa mgongoni, akavua viatu mlangoni. Ikabidi aulizwe ndipo aeleze. Mwenye duka mmoja alimwacha amesimama juani na trei kichwani, akahudumia wateja wote kwanza, halafu akamwambia apeleke mikate yake akawape kuku, maana watu wameshakunywa chai kavu. Mwingine alimuuliza kama mkewe amemlaza au amemwamsha vibaya, na wateja wakacheka. Alipofika sehemu hiyo mumewe naye alicheka, kicheko kisichofika machoni, na Fundi akatamani afadhali angefoka.

*

Mwenye bekari aliitwa Hamira, kwa jinsi alivyokuwa akifura upesi, na siku alipomwita Fundi ofisini alikuwa ameshafura. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya stoo ya unga. Alimwacha kwenye benchi la nje, lile wanalokalia waomba kazi, muda wa kutosha mtu kujuta. Wanawake wanaofunga mikate kwenye karatasi walikuwa wakifagia taratibu kuliko kawaida, wasipitwe na neno. Miaka miwili Fundi alikuwa akiingia ofisi hiyo bila kubisha hodi.

Alipoitwa ndani hakuonyeshwa kiti.

"Nikikupigia simu, oda zinafika," Hamira alisema. "Nisipokupigia, hazifiki. Hebu nieleweshe, maana mimi ni mtu wa unga tu."

Fundi alisema bado anachunguza.

"Unachunguza, au umezikalia? Kama unataka nikuongeze malipo, sema. Usinifungie tanuri."

Damu ilimpanda Fundi mpaka masikioni. Kuambiwa hajui kazi angevumilia, kwa sababu angeweza kubisha. Kuambiwa ni mwizi anayejificha nyuma ya kompyuta yake mwenyewe, hilo hakuwa na pa kulishika. Kila alichokisema Hamira ndicho kilichokuwa kikitokea kweli. Hamira akamalizia kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kesho alfajiri oda zifike zenyewe, bila kupigiwa mtu simu. Zisipofika, atarudi kwa karani na kalamu yake, na gari pia atalitafutia mtu asiyelala nyumba moja na mwenye mfumo.

"Kesho zitafika," Fundi alisema.

Alisema kwa uhakika kamili, kidevu juu, na wale wanawake wenye mifagio walimpisha njia kama mtu aliyeshinda kesi. Alipovuka barabara ndipo alipoulaani mdomo wake. Hakuwa na habari hata chembe zitafikaje.

*

Nyumbani aliwaeleza yote, kwa sababu hakuona namna ya kuficha. Mumewe aliuliza swali moja tu, kama Hamira amelitaja gari kweli, akajibiwa ndiyo. Akakaa akitazama funguo zake juu ya meza. Mama alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Aliondoa jiwe, akalitazama, akalitupa.

"Mtaniona mjinga," alisema. "Lakini tangu niache kumsalimia baba yenu, bekari ile haijatulia."

"Mama, tafadhali," mumewe Fundi alisema. "Siyo leo."

Fundi alikuwa ameshafungua mdomo acheke. Alikuwa na kicheko chake maalumu kwa mambo ya namna hiyo, kicheko cha upole cha mtu aliyesoma, na kilikuwa kimeshafika kooni. Kikaishia hapo hapo. Akilini mwake kitu kilikuwa kimejipanga kwenye mstari: akilinda, ukurasa uko wazi. Hamira akipiga simu, yeye hufungua ukurasa. Mwenye duka aliyelalamika alifungua ukurasa. Oda hazikuwa zikifuata alfajiri hata kidogo. Zilikuwa zikimfuata mtu.

"Uliacha lini hasa, Mama?"

"Siku ile ya bando."

"Na ulikuwa ukimfungua wakati gani?"

"Nikiamka. Kabla jogoo hajapata akili."

Fundi alikaa. Alikumbuka sasa, na kumbukumbu hiyo ilimtoa jasho. Mwanzoni kabisa, bekari ilipokuwa haitaki kutumia hela, walipanga mahali pa bei ya chini pa kuhifadhi mfumo, mahali ambapo hapakuwa na saa ya kuziamsha kazi za ratiba. Basi akabuni ujanja. Aliuambia ukurasa hivi: kila mtu akikufungua, tazama saa; ukikuta alfajiri imefika na kazi haijafanyika, ifanye. Ulikuwa ujanja wa kusogeza siku. Baadaye walihamia mahali pazuri penye kila kitu, naye hakuugusa tena, kwa sababu ulikuwa ukifanya kazi, na kitu kinachofanya kazi nani anakiuliza. Hakujiuliza hata mara moja ni nani anayefungua ukurasa wa bekari giza la alfajiri, wakati wenye maduka wamelala, dereva anavaa viatu, na yeye mwenyewe yuko kwenye ule usingizi anaojisifia.

Aliteremka kwenye kiti, akakaa sakafuni karibu na ungo.

"Mama, ni wewe," alisema. "Miaka yote hii ni wewe uliyekuwa ukiziamsha oda. Ukifungua picha, mfumo unashtuka na kutuma. Mimi niliusahau, ukawa unakutegemea wewe. Na mimi nikakukataza, tena mbele ya mtu."

"Hukunikataza."

"Nilikuaibisha. Nimekukosea, Mama, na nilijua nimekukosea tangu siku ile ile. Nilikuwa nasubiri usahau."

Mama aliendelea kuchambua kidogo, si kwa sababu ya mawe. Mwanawe alisogea, akasema kwa shida kwamba hata yeye alikuwepo na hakufungua mdomo isipokuwa kutafuna. Mama akamwambia hilo aliliona vizuri, na akamwomba ampishe mwanga. Kisha akamgeukia Fundi.

"Kwa hiyo mimi ni mfanyakazi wa Hamira."

"Wa zamu ya alfajiri, Mama."

"Na sijalipwa hata mkate."

Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

*

Kuurekebisha mfumo hakukumchukua muda mrefu, na hilo lilimuuma kuliko kama kazi ingemchosha. Huko walikohamia kulikuwa na saa inayopokea amri: ukifika wakati huu endesha kazi hii, mtu awepo asiwepo. Aliiandikia amri yake, akaung'oa ule ujanja wa zamani wote, akaongeza kitu kimoja ambacho alipaswa kukiweka tangu mwanzo, kwamba oda zisipokwenda yeye mwenyewe apigiwe kengele. Picha ya marehemu nayo aliitengenezea nakala nyepesi kwa ukurasa, na ile nzito ikabaki nyuma yake kwa anayetaka kuuvuta uso karibu. Mumewe, akitaka kusaidia, alishauri picha ihamishiwe tu kwenye simu ya Mama, bando lipumzike moja kwa moja.

Mama alikataa. "Kwenye simu atakuwa amekaa tu na mimi," alisema. "Kwenye ukurasa yuko kazini."

Hakuna aliyelirudia wazo hilo.

Kisha Fundi akampigia Hamira, simu ikiwa mezani, sauti juu, wenzake wanasikia. Angeweza kusema mtandao. Angeweza kuilaumu kampuni ya kuhifadhi mifumo, na Hamira asingejua tofauti. Alimwambia kosa ni lake, akamweleza lilivyo kwa maneno ya mtu wa unga: kwamba aliweka mchomaji asiyejua kuamka, akasahau kwamba kuna mtu mwingine anayemwamsha. Akamtaja mtu huyo.

"Mke wa marehemu," Hamira alisema.

"Ndiye."

"Nami nilikuita mwizi."

Fundi alingoja. Hamira hakuwa mtu wa kuomba radhi, na hakuomba. Alikohoa, akasema maneno ni mengi, kesho tanuri litasema. Lakini alipoaga alimwita "Fundi", jina ambalo ofisini hakulitamka hata mara moja.

*

Alfajiri mtihani ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa mgumu kwa mtu mmoja: asitokee yeyote wa kuufungua ukurasa. Hamira alikuwa amewaonya watu wake wote. Kompyuta ya Fundi ilikuwa imezimwa, na simu yake aliiacha mezani, kioo kimelala, isubiri kuita tu. Mumewe alikuwa ameondoka zamani. Alikuwa bekari, amesimama kando ya gari tupu, na ndiye aliyetakiwa kupiga simu na habari yoyote itakayokuwepo.

Mama alikuwa mahali pake, simu juu ya mapaja, uso chini. Mkono wake ulikuwa juu yake. Fundi aliona vidole vikienda na kurudi, vikizoea njia yao, na akaelewa kwamba anamwomba mwanamke huyu akae mbele ya mume wake aliyelala na asimwamshe, siku ambayo kuchelewa kwake kungemwaga unga wa nyumba nzima.

"Ukiona vigumu, Mama, niiweke kabatini."

"Iache. Nilimsubiri huyu siku nyingi kuliko hii."

Fundi alikuwa na hakika na kazi yake. Alijiambia hivyo, na ilikuwa kweli. Ile amri aliijaribu jioni mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Lakini uhakika wa wiki iliyopita ulikuwa wa mtu anayelala, na huu wa leo ulikuwa wa mtu aliyekaa macho na mikono kati ya magoti. Dirishani giza lilianza kuwa jepesi. Jirani alifungua bomba upande wa pili wa ukuta, maji yakagonga ndoo. Wakati ulikuwa umefika, labda umepita. Fundi aliukataza mkono wake kuangalia saa.

Simu iliita. Fundi aliipokea.

"Zimefika," mumewe alisema. Nyuma yake trei zilikuwa zikigongana na mtu alikuwa akiimba vibaya. "Zimefika zenyewe. Tanuri limeshajaa. Hamira amesimama hapa na ujumbe mkononi, anausoma kama hajawahi kuona namba. Anasema nimchukulie Mama mkate wa moto nikirudi. Anasema kila siku."

Fundi aliiweka simu mezani taratibu. Hakupiga kelele wala hakuruka. Akamtazama mama mkwe wake, akamwambia yale yaliyobaki kusemwa.

"Imekwenda bila wewe, Mama. Hawakutegemei tena. Sasa mfungue ukitaka, na bando ni lako."

Mama aliigeuza simu. Alifungua ukurasa wa bekari, akasubiri picha itokee, na ilitokea upesi kuliko zamani. Akaweka vidole viwili, akauvuta ule uso mpaka ukajaa kioo, unga juu ya nyusi na jicho moja limefumba nusu kwa sababu ya mwanga wa moto. Akakaa naye kidogo.

"Lala tu leo," alimwambia. "Wenzako wameshaamka."

Kisha akailaza simu kando ya kopo la sukari, safari hii kioo kikiangalia juu, akamuuliza Fundi kama nyumba hii siku hizi hainywi chai.